Nguzo Aliyebeba Kijiji, na Posa Yangu ya Mbulumbulu

Shamba la kahawa, Oldeani
Jumapili mchana

Dada yangu Naomi,

Shikamoo dada. Goti lako limekubali kupanda kile kilima cha kisimani, au bado unamtuma shemeji naye anarudi na ndoo nusu? Mama anakula vizuri? Mimi mwili ni mzima. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni mpaka huoni mti wa kahawa ulio mbele yako, na baridi inauma vidole, lakini hiyo nimeizoea. Walionichosha ni watu.

Umeniuliza katika barua mbili mfululizo posa yangu imefika wapi, na kwamba mjomba anangoja tu aambiwe siku ya kusafiri. Dada, mwambie akae kitako. Nitakueleza yote, na ukicheka ucheke huko huko, usije ukaniandikia kwamba ulicheka.

Chanzo ni katuni. Kuna gazeti la picha linalotoka Dar es Salaam, linafika hapa na basi mara moja kwa mwezi, na basi likiharibika tunakaa miwili. Ndani yake mna hadithi ya mtu anayeitwa Nguzo. Kutwa ni karani wa posta, mpole, mkubwa wake anamfokea mbele za watu. Akisikia mahali wanyonge wanaonewa, anavaa joho jekundu, anaruka juu ya mapaa, analinyanyua lori la walanguzi kwa mkono mmoja na kulitikisa mpaka sukari waliyoificha inamwagika yote. Tuna nakala moja, watu sita, na tunaisomea kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, kwa sababu pale mikono inachambua punje na midomo haina kazi.

Ungedhani watu wazima watasoma wafurahi, yaishe. Thubutu! Mama Selina, mchambuaji mwenzetu kutoka Dodoma, kila toleo ana swali lile lile. "Huyu Nguzo wenu mbona hajapita kwa nyapara hata siku moja? Kila siku yuko mjini anapiga wezi wa mjini. Jembe hata halijui." Hapo Tluway anaruka kama katukanwa yeye. Tluway ni kijana wa Mbulu ninayekaa naye chumba kimoja, mtu mwema, ila ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima na hawezi kuacha kufundisha. "Mama, yale ni mafumbo! Lile lori ni uchumi. Yule karani ni sisi!" Mama Selina anamjibu, "Kama karani ni sisi, joho letu liko wapi?" Basi wananuniana siku mbili, na mimi niliye katikati yao ndiye ninayepitisha maneno. Juzi nyapara mwenyewe alisimama kusikiliza, akataka aonyeshwe kama kuna mahali amechorwa yeye.

Sasa, Paskalina. Nilikwambia kwamba nilimwona mnadani Karatu akiuza maharage na mama yake. Anapenda kusoma, na huko kwao Mbulumbulu cha kusoma ni kalenda. Nikawa kila tukimaliza gazeti nampelekea. Nilijiona mjanja sana. Sikujua kwamba jioni anakaa na baba yake, Mzee Bura, anamsomea neno kwa neno, na kwamba mzee yule ambaye hakukanyaga darasa anamfahamu Nguzo kuliko sisi sote.

Halafu nikamchagua Tluway awe mshenga. Usiniulize nilikuwa na akili gani. Anakijua Kiiraqw, anazijua mila zao, na huku mwenye posa hafungui mdomo. Anakaa kwenye kigoda anatazama miguu yake, mshenga ndiye anayesema. Tena nimeambiwa kwamba aliyepeleka neno la kwanza ndiye huyo huyo mpaka mwisho, na ukimbadilisha ni kama umeliondoa neno lako.

Mara ya kwanza tulipanda lori la ngano, tukafika tumejaa vumbi, tukapewa maziwa ya mgando. Kabla Mzee Bura hajauliza tumekuja na neno gani, Tluway akaona magazeti yetu yamepangwa juu ya kabati. Dada, nilimkanyaga mguu. Hakusikia. "Mzee, kumbe na wewe unamsoma Nguzo?" Basi. Walibishana mpaka lori likapiga honi ya kurudi. Neno letu tukarudi nalo vile vile.

Mara ya pili nilimwapisha Tluway njiani kwamba hatalitaja jina la Nguzo. Hakulitaja. Alilitaja mzee. Alikuwa ameweka toleo jipya magotini, lile ambalo Nguzo anakibeba kijiji kizima mabegani, nyumba na mbuzi na kuku juu, anakitua kando ya barabara kuu karibu na shule, na watu wanampigia makofi.

"Hapa," mzee akasema, kidole kwenye picha, "hapa huyu mtu amenikosea."

Tluway akaona nafasi ya kufundisha. Akaeleza huduma za jamii, akaeleza zahanati, akaeleza mashine ya kusaga. Mzee akamsikiliza kwa adabu, halafu akasema polepole, "Mimi nilibebwa hivyo. Wakati wa operesheni ya vijiji, serikali ilipotuhamisha, tulishushwa kutoka kule juu tukapangwa mistari hapa barabarani. Nyumba yangu ilibaki juu. Kaburi la mama yangu liko juu. Kila siku natembea saa nzima kwenda kwenye maharage ambayo zamani niliyaona nikiwa kitandani. Mashine ya kusaga naiona, ni nzuri. Lakini mimi sikupiga makofi."

Mtu mwenye akili hapo ananyamaza. Tluway akamwambia baba mkwe wangu mtarajiwa, mbele yangu, kwamba hayo ni mawazo ya kupinga maendeleo.

Mzee Bura aliinuka akaenda kwa ng'ombe wake na hakurudi. Mama yake Paskalina ndiye aliyetuletea kofia zetu. Njiani sikumsemesha Tluway, naye alikuwa bado ananieleza maana ya zile nyumba mabegani! Nilitamani kulia, dada, nisikufiche. Ninampenda yule binti. Na siku chache baadaye nikasikia kuna dereva wa trekta wa Karatu naye ametuma watu, na mshenga wake hasomi chochote.

Nilimsukuma Tluway akaombe radhi. Alikwenda, maana moyo wake si mbaya, na akarudi na jibu kwamba twende tena, ila mzee anataka kumsikia yule bubu. Bubu ni mimi.

Jumapili iliyopita tukaenda. Mzee hakuuliza habari za njiani. Akanigeukia, mila ikawekwa kando. "Wewe, bubu. Yule mtu alibeba kijiji. Alifanya vizuri?"

Nikamtazama Tluway. Tluway akatazama paa. Nikasema, "Baba, barabara ni nzuri na shule ni nzuri. Lakini nimezipitia picha zote, sikuona mahali anapobisha hodi."

Mzee akalirudia jibu langu kwa Kiiraqw, kwa sauti, ili mkewe aliyekuwa jikoni asikie. Nikaanza kupumua. Nikajua nimeshinda. Halafu akaniuliza, "Na wewe? Binti yangu umemuuliza?"

"Baba, nimemleta mshenga..."

"Mshenga namwona. Paskalina! Huyu amekuuliza?"

Paskalina akasimama mlangoni na unga mikononi. "Hapana, baba. Ameniletea magazeti."

Dada, nilisikia aibu ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe. Ni kweli. Miezi yote ile nilizungumza naye habari za Nguzo, za maharage, za mvua. Nilimweleza Tluway, nikakueleza wewe, ukamweleza mjomba, na nadhani mpaka mchungaji wa huko anajua. Yeye nilidhani anajua tu. Mzee akasema mlango wake uko wazi, ila hatalipokea neno mpaka nilipeleke kwanza kwa mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Hasira zote nilizomwekea Tluway sijui sasa niziweke wapi. Yeye yuko hapa kitandani kwake, anasema maana ya yule mzee kuniuliza vile ni ya kina sana. Nimemwomba anyamaze.

Msalimie mama, umwambie shuka alilonipa ndilo ninalojifunika. Msalimie shemeji, na mjomba kwa heshima zote, na shangazi wa kanisani aendelee kuniombea bila kutaja jina la mtu. Wabusu watoto wako.

Nilikuwa nimekwisha kufunga barua, ikakaa siku kadhaa ikingoja basi, nikaifungua tena. Jana ilikuwa siku ya mnada, nikaenda Karatu. Nilimkuta anafunga gunia la maharage. Nilimuuliza waziwazi, mama yake akisikia, bila mshenga na bila gazeti mkononi. Hakucheka wala hakukasirika. Akasema amesikia, atafikiri.

Nikamuuliza atafikiri mpaka lini.

"Wewe ulifikiri muda gani kabla hujamtuma Tluway?"

Nikasema ukweli, kwamba ni miezi minane.

"Basi na mimi nipe hiyo," akasema, akaendelea kushona gunia.

Ni mimi mdogo wako, niliyebakiza miezi minane kasoro siku moja,
Elia