Shati la Marehemu Limefuliwa

Jumatano

Na kosa ni langu. Nilimwambia mjane alete shati alilovaa mumewe siku alipouawa, nikasahau kumwambia asilifue.

Gari la kituo halina dizeli wiki ya pili sasa, kwa hiyo badala ya sisi kwenda Tengeru, yeye ndiye aliyetuletea kielelezo. Akakifungua kwenye gazeti, mezani kwangu: shati la mtumba, safi, limepigwa pasi. Hata tundu la kisu alikuwa amelishona.

"Afande, nguo ya marehemu ningeiletaje serikalini ikiwa chafu?"

Mshukiwa alijikata kiganja wakipambana. Damu yake ilikuwa kwenye shati lile, na hatukuwa na ushahidi mwingine. Sasa mkemia kule Dar tumpelekee nini, harufu ya sabuni? Mpelelezi ameshasema Ijumaa mshukiwa anaachiwa. Nyumba yake na ya mjane zinatenganishwa na mgomba tu.

Nimeandika lebo hata hivyo, nikalifungia stoo. Sijui kwa ajili ya nani.

Alipoinuka aliniuliza, "Litasaidia?"

"Litasaidia, mama."

Akanishukuru kwa mikono miwili.