Makaburi Kwenye Picha

Kibara, 9 Agosti 1999

Kaka Magesa,

Huku tu wazima, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Picha ya shamba uliyoipunguzia ukungu kwa kompyuta huko Mwanza ilifika. Makaburi ya baba na mdogo wetu Shida yanaonekana wazi. Nikaipeleka kwenye baraza la kijiji, maana aliyeuziwa shamba letu ameshayapitishia trekta, na anakana kuwa yalikuwepo.

Mwenyekiti akasema, "Kompyuta inayoondoa ukungu itashindwa kuchora makaburi?" Watu wakacheka.

Kaka, Jumatatu ijayo wanaamua. Njoo na ile picha yenye ukungu, na mkanda wake wa filamu, waone hatukuchora. Nakusihi. Mama hali tena. Anashinda shambani akipapasa udongo, akimwita Shida.

Dada yako,
Eufrasia