Diski ya Kumi na Mbili

Mpendwa kaka Wambua,

Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nimeinuka kabla ya kumaliza mstari wa pili. Mara nimekumbuka nguo ziko nje, mara nimekwenda kuangalia kama lango limefungwa. Unanijua. Mwaitu, mama yetu, husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa pahali na tangu siku hiyo napakimbilia. Anwani yako siijui, namba yako ya simu sina, kwa hiyo naandika barua ya wazi, aisome atakayeisoma, huenda mtu mmoja akakufikishia. Na hata ningekuwa na anwani, ningeiandika wazi vilevile. Uwongo wangu niliusema mbele za watu.

Nianzie kwenye sanduku, maana nyumbani kila mtu huanzia hapo, na kila mtu huanza vibaya.

Nilikuja nyumbani Wamunyu Jumapili moja nikiwa na mwaka mmoja tu katika ile kampuni ya Nairobi ya kufunga kompyuta. Mteja wetu alikuwa kiwanda cha Athi River kilichotaka kuhamishia chumba chake cha kompyuta Machakos mjini, kwa sababu vumbi lilikuwa limewashinda. Ulikuwa ukifungua mashine unakuta feni imevaa koti la kijivu. Walikuwa na sava moja kubwa, yaani kompyuta kuu, na kando yake kabati la diski kumi na mbili, kila moja kama ukubwa wa kitabu cha nyimbo, zimesimama kwa mstari. Ndani ya diski hizo mlikuwa na kila mfanyakazi wa kiwanda: siku aliyoandikwa, likizo zake, na jina la mtu wa kuitwa mashine ikimuumiza. Nikakueleza kwamba diski hazipendi kutikiswa, na barabara ile wakati huo ilikuwa inatengenezwa, kila ukitoka kwenye shimo unaingia kwenye njia ya kando. Ilibidi zitolewe moja moja, zibebwe kwa mkono, kisha kila moja irudishwe mahali pake. Rekodi zilikatwakatwa vipande vikagawiwa diski zote, na mashine ilijua kipande ni cha nani kwa kuangalia diski iko nafasi gani. Ukibadilisha nafasi, imepotea.

Ulicheka sana. Ulisema kumbe kitu cha bei yote hiyo hakijui watoto wake mpaka wakae kwenye viti vile vile. Nikakubali kwamba ndivyo kilivyo. Ukauliza nitazibeba ndani ya nini, nikasema kwa katoni na sponji, nawe ukasema katoni ni ya vifaranga.

Juma lililofuata sanduku lilikuwa tayari. Mbao za mjakaranda, vyumba kumi na viwili, kila chumba umekitandika kipande cha blanketi kuukuu, na kifuniko chake kikifunga bila kelele. Ulikuwa umelisugua kwa rangi ya viatu mpaka likang'aa. Wewe uliyechonga twiga miaka kumi na moja, ukawa unasema ukiona twiga mwingine utamkata shingo ya pili! Sijakuona tena na furaha kama ile. Ulikuwa ukilifungua na kulifunga, ukimwita kila apitaye karakana aje aweke mkono ndani.

Kilichobaki ni namba. Ulikuja na msumari wa moto kwenye koleo, mimi nimesimama mlangoni nakula muthokoi haraka haraka kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Ukaniuliza namba zinaanza na ngapi. Nikakujibu, "Moja. Kwani wewe huanza kuhesabu wapi?" Ukainama ukaanza kuchoma.

Kaka, nafasi za lile kabati zinaanza na sifuri na kuishia kumi na moja. Nilikuwa nimefundishwa. Nililijua jambo hilo kama unavyolijua jina la jirani, halafu siku ya kusalimiana likakutoka. Karatasi za mashine zilikuwa kwenye mkoba wangu, umbali wa hatua tatu, na sikuzitoa.

Niligundua Jumamosi kule Athi River, mkono wangu ukiwa kwenye diski ya kwanza. Juu yake, kwenye kabati, paliandikwa sifuri. Wewe, uliyetaka kulibeba mwenyewe, ulikuwa mbele yangu umelishika sanduku wazi, umevaa shati lako la kanisani. Diski ya sifuri nikaiweka kwenye chumba cha moja, ya moja kwenye chumba cha mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho, nikijiambia kwamba tukifika nitapunguza moja kila mahali. Ningesema, "Kaka, nilikuambia vibaya, tubandike karatasi," ingechukua dakika moja. Kwa miaka nimejidanganya kwamba sikutaka kukuharibia siku. Ukweli ni kwamba niliona aibu, mimi niliyesomea kompyuta, kusahihishwa na sifuri mbele ya injinia, mkubwa wangu.

Injinia wetu alilizungusha lile sanduku, akapitisha kidole kwenye viungio. Akasema kampuni itataka mengine kama hayo, uanze na sita. Ulinitazama, nikakukonyeza.

Toka Athi River mpaka Machakos ulikaa nyuma ya pikapu juu ya godoro, sanduku liko magotini, na hukutaka mtu akupokee. Tulipofika mjini nyusi zako zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Ulifungua kifuniko, na hakuna diski iliyokuwa imesogea hata kidogo.

Chumba kipya kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Injinia alishuka na meneja wa kiwanda kunywa chai, akaniachia kazi, akasema wakirudi saa kumi wakute mashine inafanya kazi. Kazi yenyewe ina mpangilio wake: unafunga kabati la diski, unavuta kebo mbili kutoka hapo hadi kwenye sava, unarudisha diski, unawasha kabati peke yake na kungoja mpaka taa zote ziwe kijani. Sava huwashwa mwisho, ikute ghala lake liko macho. Mimi kungoja, kaka. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashine, nagombana na kebo iliyokataa kuingia, na wewe mbele yake umesimama na sanduku. Ukauliza kama ukae tu hivyo. Nikasema, "Weka diski. Fuata namba."

Nilikuambia mimi. Ufuate namba. Ile moja ya kupunguza ilikuwa imenitoka kichwani.

Nikazisikia zikiingia moja moja, taratibu, kila moja ukiisukuma kwa vidole viwili mpaka ijishike. Halafu ukasita.

"Nduku, hii ya kumi na mbili haina mahali. Huku mwanzo kumebaki nafasi moja imeandikwa sifuri. Niweke hapo, ama utakuja uangalie?"

"Weka hapo hapo, si ndiyo imebaki."

Uliniomba nije niangalie. Nilichotakiwa ni kuinua kichwa tu. Lakini ile kebo ilikuwa ndiyo kwanza imekubali kuingia, na mimi nilikuwa nafurahia kebo.

Tulipowasha, taa nyingine zilikuwa kijani na nyingine za njano. Kwenye skrini kabati likaandika kwamba mpangilio wa diski si ule linaoujua, likauliza kama likubali mpangilio mpya na kuanza upya. Lazima niliyasoma maneno yale, macho yangu yalipita juu yake. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Nikabonyeza ndiyo.

Lilianza kuhesabu asilimia. Ilipofika tatu ndipo nilipoelewa, nikaruka nikachomoa waya wa umeme ukutani. Nilikuwa nimechelewa. Mwanzo wa kila diski ulikuwa umeshafutwa na kuandikwa upya, na bila mwanzo ule hapakuwa na mtu wa kusoma vilivyobaki.

Waliingia wanne: injinia, meneja, mtu wa stoo na dereva wa pikapu. Injinia akauliza kumetokea nini. Nami nikasema, "Ni sanduku la kaka yangu. Namba aliandika si sawa."

Sikupanga. Mdomo wangu ulitangulia, kama miguu yangu inavyotangulia siku zote. Ulikuwa umeshika kifuniko. Ulinitazama, na sikuona hasira, uliniangalia kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema. Sikumaliza. Ndipo ukamgeukia injinia.

"Ni kweli. Hizo namba ni mimi niliandika."

Meneja alisema maneno yake kuhusu wachonga twiga kushikishwa mashine. Ukafunga sanduku, ukaliweka begani, ukashuka ngazi. Mimi nikabaki pale natafuta kanda za akiba zenye nakala za rekodi, kana kwamba zile kanda ndizo zilizoumia.

Kanda zilikuwa na rekodi mpaka majuma mawili nyuma. Yaliyopungua makarani waliyapiga upya kutoka kwenye makaratasi, na kiwanda kikaendelea. Kazi sikuipoteza. Yale masanduku sita hayakuagizwa tena. Dereva alikuwa mtu wa pande za kwetu, na Jumatatu ilipofika wenzako wa karakana walikuwa na hadithi nzima, wakakupa jina la Sifuri. Nilisikia. Nilikuja nyumbani Jumapili mbili nikalisikia likiitwa barabarani, nikaangalia viatu vyangu. Mwezi wa tatu baada ya hapo ukamwambia mwaitu unakwenda kutafuta kazi, hukusema wapi. Mimi hukuniambia kitu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka saba.

Mwaka juzi mtu mmoja aliniambia kuna fundi anatengeneza vitanda sokoni Kithyoko anayefanana nawe. Niliomba ruhusa kazini siku hiyo hiyo. Nikamkuta mzee mwenye karakana, akasema ndiyo, alikuwako Wambua, alikaa miezi miwili, mtu wa kazi safi, ila alikuwa na tabia ya kumuuliza mteja jambo moja mara tatu mpaka mteja akasirike. Nilitoka nje nikalia kati ya vitanda vya watu. Mzee akadhani unanidai, ama nakudai, akaniletea kiti.

Siku hizi diski zimebadilika, kaka. Kila moja inabeba jina lake ndani. Unaweza kuzichanganya zote, uzirudishe ovyo, na kabati litazitambua moja moja na kuzipanga lenyewe. Mara ya kwanza nilipoliona hilo vijana wenzangu walifurahi, mimi nikaondoka chumbani nikazunguka jengo. Kosa letu leo lisingetokea. Nasema "letu" kwa mazoea mabaya. Kosa langu.

Lakini kilichonifanya niandike ni sala. Mwaitu, tangu uondoke, kila jioni kabla ya chakula husali vilevile: Mungu amsamehe mwanangu Wambua aliyemharibia dada yake kazi, amrudishe nyumbani. Nami kila nilipokuwa nyumbani niliitikia Amina. Miaka saba, kaka, nimeketi mezani kwa mama yako nikikuombea msamaha wa dhambi yangu. Ijumaa iliyopita alisali, nikafungua mdomo, Amina ikakataa kutoka. Akafungua macho akaniuliza kama naumwa.

Nikamweleza yote. Msumari wa moto, muthokoi, sifuri, kebo. Nilisema haraka sana, akanisimamisha mara mbili nirudie. Alikuwa ameshika mwiko na hakuuweka chini. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza. Mara mbili."

Nilimwambia nitakutafuta, nitakusihi urudi, nitakwenda karakana kwa karakana mpaka Mombasa. Akatikisa kichwa. Akasema, "Usimwambie arudi. Yeye ni mtu mzima, atarudi akitaka. Mwambie tu hakukosea."

Basi nakuambia, na wasikie wale wanne waliokuwa chumbani, na wenzako wa Wamunyu waliokuita Sifuri: hukukosea. Ulichoma namba nilizokupa. Ulipoona haziendani ukaniuliza, na aliyekujibu ni mimi. Aliyebonyeza ndiyo ni mimi. Katika chumba kile mtu pekee aliyeifanya kazi yake ipasavyo ni wewe, na nilikuacha ushuke ngazi peke yako.

Msamaha nauomba, lakini sikuwekei siku ya kunijibu. Nitajifunza kungoja, ingawa unajua nitakavyoteseka.

Jumamosi jioni mwaitu alisali kama kawaida. Alipofika pale pa kukutaja, akasema Mungu amsamehe binti yangu Nduku aliyemharibia kaka yake kazi. Nikaitikia Amina.

Mdogo wako,
Nduku