Kiazi Chenye Jicho

Nyumbani, nyuma ya karakana ya mbao,
Jumapili asubuhi, tarehe nane.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mke wa kaka yako. U hali gani huko uliko? Goti bado linakusumbua, au umeanza kumsikiliza daktari? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma mbele.

Ujumbe wako niliupata. Unataka kiazi cha dalia ya mama yenu, lile ua la zambarau lenye ncha nyeupe, ambalo marehemu Fundi alikuja nalo kutoka kwenu tulipooana. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kwenye simu ningelia, na wewe hujui kumbembeleza mtu, unajua kucheka tu.

Dalia nyingine zimestawi. Nyekundu na za njano zinachanua mpaka nyuki wamehamia kwangu. Nakata kila ua linapofunguka, kwa sababu ukiliacha likaukie kwenye shina, mmea unaona kazi imekwisha na kuacha kuchanua. Basi nyumba nzima ni maua: kwenye jagi, kwenye ndoo, hata kwenye kikombe alichokuwa akiwekea Fundi mswaki wake. Anayeyatazama ni mimi peke yangu. Mshonaji wa jirani akipita namjazia mikono, anashukuru na kuondoka, ana wateja wake. Jioni nawasaka konokono chini ya majani na kuwatukana kwa sauti, ili tu nisikie mtu anaongea hapa uani.

Upweke, wifi, sikufichi. Watoto wanapiga simu, lakini simu ikikatika nyumba inakuwa kimya kuliko mwanzo. Asubuhi bado nafungua mlango wa karakana. Halafu naona sina cha kufanya humo, naufunga.

Sasa kuhusu dalia ya mama. Unakumbuka kaka yako alivyokuwa akipanda? Kwanza anachomeka kijiti kwenye udongo mtupu, amekipiga randa mpaka kimekuwa laini kama mguu wa kiti, ndipo kiazi kinafuata pembeni yake. Nilikuwa nikimtania: "Fundi, huo mti mkavu utaumwagilia mpaka lini?" Naye, bila kuinua kichwa: "Anayekuja ataukuta." Nikadhani ni maringo ya useremala.

Msimu huu nilipanda mwenyewe, na kijiti nikakisahau. Dalia ikarefuka hadi kifuani, upepo ukailaza. Nikachukua nyundo yake, nikapigilia kijiti pale pale kwenye shina. Nikasikia kitu kinapasuka chini ya udongo, kama mtu anapasua boga. Haukupita muda majani yakalegea. Nilipofukua, kijiti kilikuwa kimepita katikati ya viazi, na vyote vimeoza isipokuwa viwili. Nilikaa pale pale kwenye udongo nikalia kama siku ya msiba. Ndipo nikaelewa kwa nini kijiti kilikuwa kinatangulia.

Kati ya hivyo viwili, kimoja hakina jicho. Unavijua viazi vya dalia visivyo na jicho: ubembeleze, umwagilie, havichipui ng'o, kama baadhi ya ndugu zako ambao sitawataja. Kingine kina jicho moja shingoni, dogo, lina wekundu kwa mbali. Nimekifukia kwenye maranda ya karakana, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe.

Jana nilikifunga kwenye gazeti nikaenda nacho stendi. Dereva wa basi la kwenu akakipima mkononi. "Mama, kiazi kimoja? Si ungeongeza, angalau mtu ashibe." Nikacheka. Ni muda sijacheka na mtu. Kisha nikakirudisha kikapuni, nikarudi nyumbani kukifukia tena.

Sikitumi, wifi. Nikikituma, utabaki na sababu gani ya kuja? Tangu tumzike Fundi hujakanyaga hapa. Najua kila kona ya nyumba hii inakuonyesha kaka yako, lakini mimi nalala humo humo. Njoo tukipande pamoja. Kikizaa tutagawana, utaondoka na chako. Ila usikawie, jicho limeanza kufunguka, na maranda si udongo.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote, na kitindamimba wako mwambie mke wa mjomba wake anauliza kama bado anaogopa nyuki. Mshonaji naye anakusalimu, anasema gauni lako la mwisho ulilikataa bure. Mungu awalinde nyote, na amfikishe salama yeyote kati yenu atakayepanda basi.

Kijiti nimekipiga randa mwenyewe, kimepinda kidogo. Nimekichomeka chini ya dirisha la chumba ulichozoea kulala. Kiazi bado sijakiweka. Anayekuja atakikuta.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata usipojibu,
Mke wa Fundi.