Daftari la Hisabati Alilopewa Wambui

Rafiki yangu,

Jina lako siliandiki. Nitakueleza sababu nikifika hapo, na ukitaka kunicheka unicheke tu, nimeshazoea kuchekwa na wewe.

Leo ni Jumamosi. Shule zinafunguliwa Jumatatu, nami nimekaa nyuma ya nyumba hapa Kitengela nikilinda nguo nilizoanika, maana mbuzi wa jirani wamejifunza kula soksi. Nimepita mtihani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Naingia kidato cha tatu, mimi huyu uliyekuwa ukinikokota tangu tuanze shule ya upili. Nimepata D ya hisabati, na D inatosha. Lakini sina furaha niliyodhani nitakuwa nayo, na sioni mtu mwingine wa kumwambia kwa nini.

Wakati ulipougua Agosti, sisi tulikuwa Bungoma kwa likizo kama kila mwaka. Baba alikuwa amebaki kazini Athi River, na alipokuja kutuchukua ndipo akaniambia, akiwa bado amesimama mlangoni na begi mkononi. Homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu hospitali ya Kajiado, basi. Ulikuwa umezikwa zamani. Nikamuuliza nani wa darasa letu alikuwepo, akasema ameambiwa kuna msichana mmoja, Wambui, alisimama kando ya mama yako na kutajwa mbele ya watu wote kuwa rafiki wa marehemu.

Wambui. Mimi nimekaa na wewe deski moja miaka miwili kasoro, najua unapenda mandazi ya jana kuliko ya leo, najua ulivyolia siku ile ulipopata namba mbili, halafu rafiki wa marehemu ni Wambui wa kwaya. Nililia kwa ajili yako, ndiyo. Ila nisikudanganye, machozi mengine yalikuwa ya wivu.

Jumamosi iliyofuata nikaja kwenu Kisaju peke yangu. Sasa sikiliza nilivyofanya. Kwetu, mtu akifika kwenye matanga huanza kulia akiwa bado njiani, akimwita aliyekufa kwa jina, ili wenyeji wajue kwamba huyu anayekuja ni wao. Asiyelia vile anaonekana amekuja kula tu. Basi nikaanza nilipoona boma lenu. Nikaliita jina lako, lote, pamoja na lile la ubatizo usilolipenda. Nilingoja wanawake watoke mbio kunishika, maana kwetu hawakuachi uanguke. Hakuna aliyetoka. Nyanya yako, yule koko, alikuwa amekaa nje, akajifunika shuka kichwani, akainuka, akaingia ndani. Mama yako alisimama na sufuria mkononi bila kusogea. Nikadhani hawajanisikia vizuri, nikaongeza sauti.

Mama yako alinipa chai, nikainywa, na hakuniuliza neno. Nilirudi barabarani nikijiambia kwamba watu wenu wana roho ngumu.

Ni Wambui aliyenieleza, Jumatatu pale kwenye mfereji wa shule, watoto wa kidato cha kwanza wakisikia. Alisema, "Nafula, kwao jina ya mtu amekufa haiitwi. Sasa wewe umeita mara ngapi?" Nilikuwa nimeita mpaka koo likakauka. Baba yako ni mzee wa kanisa na pengine angenisamehe, lakini koko ni koko, na ndiyo maana barua hii haina jina lako.

Na wewe, kwa nini hukuniambia? Ulinifundisha kuinamisha kichwa koko yako aniguse. Ulinifundisha kusema "iko" nikisalimiwa "takwenya". Hilo moja ukaliacha. Najua, nani anakumbuka kumfundisha rafiki yake mambo ya kufa tukiwa na miaka kumi na sita. Lakini Wambui alijua bila kufundishwa. Baba yake ana bucha Isinya, amezaliwa huko, Kimaasai anakiongea vizuri kabisa, na mama yako anamwita "yeyo", kama mama yake mwenyewe, naye anaitika. Kwa hiyo vitabu vyako vilipotolewa, alipewa yeye, na daftari la hisabati likiwemo.

Lile daftari ndilo nililokuwa nalihitaji kuishi. Unakumbuka mwalimu mkuu alivyo, muhula wa tatu ulianza na vitisho. Alisimama paredi akasema, "Mwenye E ya hisabati haendi form three. Hata mzazi wake akuje na ng'ombe." Mimi muhula wa pili nilikuwa na E. Baba alipoisikia sheria hiyo hakunigombeza, alisema tu, "Ukirudia, mdogo wako Simiyu atakukuta hapo form two." Niliota nimekaa deski moja na Simiyu, ananiuliza kama nimemaliza kuandika. Hisabati yangu yote ilikuwa ni sauti yako sikioni: toa huku, peleka kule, badilisha alama. Sauti ikaondoka, na kilichobaki cha sauti hiyo kiko kwenye mkoba wa Wambui.

Nilimtazama Septemba nzima. Alikuwa akilifungua polepole, amelifunika upya kwa karatasi ya kaki kama lake. Nilitamani chai imwagikie, halafu nikakumbuka chai ikimwagika nami nimekosa. Jumapili moja kanisani, wakati wa maombi ya kimya, nikafumba macho kabisa nikamwomba Mungu Wambui apate E. Sikuomba mimi nipite. Niliomba yeye aanguke, na nikasema amina.

Oktoba akaniita nyuma ya maabara. Akanipa daftari. "Chukua tu. Jina yako iko kila mahali," akasema. Nilidhani ananitania mpaka nilipofungua. Kumbe pembeni mwa kila hesabu ngumu ulikuwa ukiandika kwa penseli: "N. atauliza kwa nini." "Mwonyeshe N. tena kesho." Kwenye logarithimu umeandika, "Hapa N. atalia." Nililia kweli, tena hapo hapo. Ulikuwa unajiandaa kunifundisha, nami nilidhani unajua tu, kama watu wengine wanavyojua kuimba.

Ungetegemea moyo wangu ulainike. Haukulainika. Nilichowaza ni kwamba huyu amekuwa akisoma maneno yetu mwezi mzima. Wambui akaniambia, "Si tusome pamoja? Hata mimi hii siielewi." Nikamwambia sawa, tutaona siku. Siku haikufika. Mara nimetumwa maji, mara tumbo, mara kiranja ananiita. Akaacha kuuliza. Nikasoma peke yangu kila jioni, nikisogeza midomo kwa namna yako, nikakasirika mahali ulipotarajia nikasirike, nikaelewa mahali ulipotarajia nielewe. Nilikutaka uwe wangu peke yangu, na kwa wiki sita ulikuwa.

Siku ya kufunga shule Wambui alipata E.

Alinionyesha ripoti mwenyewe. Alisema, "Nitarudia. Si mbaya." Halafu akaniuliza mimi je, nikasema nimepita, akanipongeza kwa kunishika mkono kama mtu mzima. Wewe umekufa, siwezi kukuficha kitu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa watu wataniona. Lakini nilipofika barabara ya Namanga furaha ilikuwa imekwisha, na nilisimama pale malori yakipita bila kukumbuka kuvuka.

Desemba yote nimekuwa nikijiambia kwamba si mimi niliyesahihisha mtihani wake. Ni kweli, sikusahihisha. Nilichukua tu daftari lake, nikakaa nalo.

Na hata sasa wivu haujaniacha, umehama tu. Jumatatu mimi naenda darasa lile la karibu na ofisi, ambako hakuna aliyewahi kukuona umekaa. Wambui anarudi darasani kwetu. Atakaa kwenye dirisha lako akitaka, mwalimu atafundisha hesabu zile zile na utani wake ule ule, na kila akifika mahali pagumu atakukuta hapo. Mwaka mzima. Nilitamani sana kupanda nimwache nyuma, na nimemwacha na wewe.

Kidato cha tatu nakiogopa. Daftari lako linaishia Julai, baada ya hapo ni karatasi nyeupe. Nimezipekua zote, pengine uliandika kitu mbele, lakini hakuna. Hesabu za mbele hukuzisoma kabla yangu, kwa hiyo hakuna aliyejua nitalia wapi. Itabidi nimwulize mwalimu, mbele ya wavulana, mara mbili, mara tatu. Daftari hili haliwezi kunisaidia tena. Linaweza kumsaidia yeye.

Basi nakuaga, rafiki yangu. Nitajitahidi kidato hicho, na nikipata namba nzuri sitajigamba sana. Kwenu Kisaju nitaenda tena, Wambui akikubali kunipeleka. Nitainamisha kichwa mbele ya koko yako na kufunga mdomo wangu. Sijui kama atanigusa, lakini nitainama.

Na Jumatatu, kabla ya kengele ya paredi, nitampa Wambui daftari, na nitamwambia kwamba Jumatano baada ya masomo tunaanza na logarithimu, mimi na yeye. Nimejaribu tangu asubuhi kulitaka jambo hilo kwa moyo wote na nimeshindwa. Nisipoweza kumpa kwa roho safi, nitampa hivyo hivyo.

Wako,
Nafula