Lulu za London, Kahawa ya Bi Zuwena

Ami yangu,

Ile hadithi ya lulu nimeimaliza. Nakwambia mapema kwa sababu najua huna subira, na kwa sababu wewe mwenyewe ulituachia nusu yake ukaondoka, jambo ambalo mpaka leo sijakusamehe vizuri.

Nyumba yako ya Mawaleh, huku Maskati, ilikuwa imepooza. Watu walikuwa bado wanakuja Ijumaa kula wali, lakini wakishanawa mikono kila mmoja anatazama simu yake, kisha anatafuta viatu. Zamani nani angethubutu kuondoka kabla ya Alasiri? Ulikuwa ukishusha kiyoyozi mpaka mwisho na kutuambia, "Jifunikeni, tunakwenda London." Nje jua linachoma mpaka kitasa cha mlango hakishikiki, sisi ndani tumejikunja kwenye mashuka, na wewe na kanzu yako unatuletea ukungu, taa za gesi na farasi wanaoteleza kwenye mawe. London hukuwahi kufika. Uliijua kwa vitabu vya zamani vya upelelezi ulivyosoma Unguja ukiwa kijana, na vilipokwisha ukaanza kutunga visa vyako, vipya kabisa, na mpelelezi wako mwenyewe, Bwana Wimbush, fundi saa mstaafu mwenye mwavuli mbovu ambaye polisi humwita wakishashindwa.

Jana nilicheka peke yangu kwenye duka la dawa. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinipigia simu huku Ansab, katikati ya kazi, kuniuliza sumu gani haina ladha. Mimi mfamasia, nina watu mbele yangu, nakujibu kwa Kiswahili ili wasielewe, kumbe bibi anayesubiri dawa yake ya presha ni wa Malindi, Unguja. Alivitazama vile vidonge kama nimevichanganya na kitu. Nikalazimika kumweleza habari za Bwana Wimbush, akakaa nusu saa, na alipoondoka akaniambia muuaji bila shaka ni mpishi. Nilikupa habari hizo, ukaudhika wiki nzima, kwa sababu kweli alikuwa mpishi.

Basi, lulu. Nakukumbusha ulipoishia, maana huenda huko uliko una mambo mengine. Mkufu wa lulu umepotea katika nyumba ya mjane wa nahodha mmoja, jijini London. Nahodha aliishi miaka mingi huku kwetu Maskati, akarudi kwao na lulu zile na mazoea ya kunywa kahawa kwa finjani. Bwana Wimbush ameshajua kwamba mwizi ni mtu aliyefanya kazi na nahodha huku, akizitamani lulu tangu wakati ule. Lakini wageni wote watatu waliokuwamo sebuleni wanaapa hawajawahi kutoka Uingereza: kasisi, daktari, na Bwana Crabb mwenye biashara ya makaa. Ukasema, "Ijumaa inayokuja mtamjua." Ijumaa iliyokuja tulikuwa tunakusomea Kurani.

Tulibishana hata kwenye hitma, Mungu atusamehe. Baba yangu, ndugu yako wa damu, alishikilia kuwa ni kasisi. Mimi nilisema daktari, kwa uzoefu wangu wa madaktari. Halafu ubishi ukafa, na mwenye kuniumiza hasa alikuwa mkeo. Unajua Bi Zuwena alivyokuwa akikaa, ametupa mgongo, anamenya machungwa, anajifanya hasikilizi "hadithi za wazungu wenye mafua". Alipomaliza eda nilikwenda kumtazama. Hakulia. Aliniambia tu, "N'na miaka yote hii nasikiliza. Nnataka kujua nani kachukua. Usiponambia wewe, nani atanambia?"

Mimi uliyenifundisha kwamba kisa cha haki ni kile ambacho msikilizaji ameonyeshwa kila kitu, nilikaa pale mikono mitupu. Niliogopa kwamba nikibuni mwisho wangu atajua si wako, na nikinyamaza, basi wewe umekwisha kweli.

Akanimiminia kahawa. Nikanywa ya kwanza, nikanywa ya pili, nikaitikisa finjani. Akaipokea bila hata kunitazama, huku anaongea mambo ya fundi wa maji, kama anavyofanya kila mwanamke mwenye nyumba huku akiona umetikisa, maana yake umetosheka.

Hapo nikasikia baridi mwilini, na kiyoyozi kilikuwa kimezimwa.

Kwa sababu siku ile ya mwisho ulikuwa na finjani mkononi. Ulikuwa unatuigizia ile sebule, mjane anawamiminia wageni kahawa. Kasisi akaiweka yake chini mezani. Daktari akaomba nyingine. "Na Bwana Crabb..." ukasema, ukatikisa finjani, na Bi Zuwena akanyoosha mkono akakunyang'anya. Wewe ukacheka mpaka ukakohoa. "Nrejeshee, Zuwena, bado nnakunywa." Sisi sote tukacheka, na sentensi yako haikumalizika. Tulidhani umesahau. Kumbe ulikuwa umeshatuonyesha. Nyumba nzima ya watu wanaotikisa finjani tangu utotoni, na hakuna aliyeona kitu. Bwana Crabb, kama kweli hajawahi kutoka Uingereza, angejuaje kutikisa? Angekuwapo msikilizaji mmoja tu wa kwao pale, angeuliza huyu anafanya nini.

Nilitaka kukupigia simu. Nilishika simu kabisa, nikatafuta jina lako, ndipo nikakumbuka. Nililia mbele ya mkeo, yeye akadhani nimesikia maumivu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya wali, nilishusha kiyoyozi. "Jifunikeni," nikasema. Baba alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Akakivua. Niliwasimulia yote, nikaigiza hata ule mwavuli mbovu, vibaya mno, na nilipofika kwenye sebule nikatikisa finjani na kungoja. Baba akasema, "Lahaula." Bi Zuwena alikuwa ameshageuza kiti chake, ametukabili kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe ushahidi n'lipewa mimi, nikenda nao jikoni kuuosha." Akacheka, halafu akalia, kile kilio chote ambacho hakukilia siku ya maziko, na sisi tukamwacha alie. Hakuna aliyegusa viatu mpaka Alasiri.

Walipokwishaondoka alinimiminia kahawa, akaniwekea mkononi. "Kunywa," akanambia. "Na usiitikise."

Basi nakuaga, Ami yangu, Mungu akulaze pema na akupanulie hapo ulipolala. Bwana Wimbush niachie mimi. Visa vyake vipya nitavitunga mwenyewe, na sumu nitazichagua bila kumpigia mtu simu. Bi Zuwena nimemuahidi, na wewe nakuahidi: sitaitikisa.

Mwanao kwa ndugu yako,
Raya