Niliyemkuta Mgongo wa Ng'ombe

Lam Wai-king,
Chumba cha 12, ghorofa ya nne,
Sham Shui Po,
Hong Kong.

14 Novemba 1995

Mpendwa mdogo wangu Wai-sim,

Kabla ya yote, hujambo? Shemeji Tat-ming hajambo? Na Hoi-ching, jino limeshaota? Huko Toronto najua baridi imeanza kuwauma, na kifua chako tangu utotoni hakitaki upepo. Vaa ile sweta niliyokufumia, hata kama rangi yake huipendi. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua, na sababu yake utaijua sasa hivi. Mama naye ni mzima wa mwili.

Nilitaka nikuandikie barua ya kufurahisha, nimeshindwa. Nina kinyaa kimenikaa kooni, na nisipokitoa kwako nitamtapikia mtu kwenye basi.

Siku ya Chung Yeung, sikukuu ya makaburi, baada ya kufagia kaburi la Baba, nilisema miguu iliyokwisha panda mlima mmoja haitauawa na mwingine. Nikaenda Mgongo wa Ng'ombe, njia yetu ya Jumapili. Unakumbuka Mama akitutangulia na chupa ya chai na mayai ya kuchemsha, wewe, mimi na ndugu yetu Leung nyuma tukigombania fimbo, halafu kule kijitoni tunavua uduvi kwa kopo la maziwa? Tangu tulipokua sikuwa nimekanyaga tena pale.

Usije ukaupanda tena mlima ule, mdogo wangu. Baki nao kichwani. Njia nzima wameimwagia zege, ngazi juu ya ngazi, na vyuma vya kushikia vimepakwa rangi ya kijani kama mlango wa choo cha soko. Kila penye kivuli pana bakuli za tambi, mifupa ya kuku na karatasi za chooni. Kijito kinanuka mkojo. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja anayesafisha koo kila baada ya hatua chache, na makohozi anayaacha pale pale kwenye ngazi, redio yake ikipiga opera kwa sauti ya kuamsha maiti. Siku hiyo watu walikuwa wametoka makaburini kwa wazee wao, nao wanakula na kutupa kama nguruwe. Nguruwe ana nafuu, yeye hula hadi maganda.

Karibu na kilele, kwenye jiwe tulipokuwa tukimenyea mayai, ndipo hasa nilipotaka kutapika. Chini ya jiwe watu wametupa miungu yao ya nyumbani. Si mmoja, si wawili, ni umati. Tangu majengo ya zamani yaanze kubomolewa na kila mwenye pasipoti kukimbilia huko kwenu, watu hawana pa kuwaweka, na jalalani wanaogopa, basi wanawapandisha mlimani na kuwaacha. Mungu wa Ardhi amechomekwa kipande cha sigara mdomoni. Kwan Kung, mungu wa vita, hana kichwa. Paka amezaa katikati yao. Waliowasujudia wakiomba watoto na kazi, leo wamewaacha kwenye mkojo wa paka!

Na kati yao alikuwa Kwun Yam wetu, mungu wa huruma wa Mama.

Nilidhani macho yananidanganya, maana Kwun Yam wa kauri nyeupe ni wengi. Nikamgeuza. Kile kidole ulichokivunja kwa mpira, Baba akakigandisha kwa gundi ya viatu ikabaki alama ya manjano, kipo. Ni yule yule ambaye Mama alivuka naye mpaka wa Uchina akiwa amemfunga kifuani kwa mbeleko, na vingine vyote akaviacha nyuma.

Mzee wa makohozi akanikuta nimempakata.

"We dada, mwache huyo! Aliyetupwa harudishwi nyumbani. Humo limeshaingia zimwi lisilo na kwao."

"Zimwi gani litavumilia kukaa hapa na hiyo redio yako?" nikamwambia. "Huyu ni wa mama yangu."

"Haya. Ukianza kuumwa usiseme hukuambiwa," akasema, akatema tena.

Niliogopa, sikufichi, kwani hata sisi tulilelewa hivyo hivyo. Lakini nilimfunga kwa skafu yangu nikateremka naye, na zile ngazi za zege ndizo zilizoniharibu goti.

Sasa nikueleze tulivyodanganywa. Jengo letu lilipobomolewa kiangazi na Mama akahamia kwa Leung, mkewe Bik-wan alisema moshi wa ubani utatia weusi dari yake mpya. Leung akamwambia Mama kwamba Kwun Yam amepelekwa kwa watawa, anafukiziwa asubuhi na jioni. Mama akaridhika. Kila mwezi mchanga na kila mwezi mpevu huenda sokoni kuchagua machungwa, moja moja, akampa Leung ayapeleke. Na mbaya zaidi, alikuwa ameniomba nimpeleke kwa hao watawa siku ya sikukuu ya Kwun Yam, akamwone kwa macho yake. Sikukuu ilikuwa mlangoni.

Nilimvizia Leung anatoka kazini, nikaingia garini mwake.

"Machungwa ya Mama huwa unayapeleka wapi?"

"Kwa watawa, Dada."

"Watawa wa wapi? Wa Mgongo wa Ng'ombe?"

Chini ya kiti kulikuwa na maganda, Wai-sim. Maganda ya machungwa ya sadaka, mengine yameota ukungu!

"Ni udongo tu ule, Dada," akasema. "Tuache ushamba."

"Kama ni udongo, mbona hukumtupa jalalani? Ulipanda na hilo tumbo mpaka kileleni kwa ajili ya udongo?"

"Basi mwambie Mama. Ila akianguka, umemuua wewe."

La kuvunda halina ubani. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni, na alinitia kinyaa kuliko yote ya mlimani. Lakini aliniweza, kwani Mama anakula na kulala kwake. Nilimsugua Kwun Yam kwa mswaki, nikamweka juu ya friji, nikatunga uongo wangu: nitasema watawa wamemleta kwangu kwa sikukuu tu. Nilijichukia, lakini nikautunga.

Siku yenyewe nikamleta Mama. Akaingia na machungwa yake, akamtazama Kwun Yam, akamshusha. Akapitisha kidole kwenye mikunjo ya joho, kikatoka na udongo mwekundu.

"Hawa watawa wako, wanafagia kweli?"

"Mama..."

"Nyamaza. Udongo huu nimeusugua kwenye viatu vyenu miaka na miaka. Nani alimpeleka?"

"Leung."

Hakulia. Alipanga machungwa, akawasha ubani, akapiga magoti. Nikamuuliza kama haogopi kilichoingia mle ndani.

"Hata kama ni zimwi," akasema, "nalo si limefukuzwa na watu? Nalo na lile machungwa."

Giza lilipoanza kuingia nilichukua koti lake ili nimrudishe. Hakuinuka.

"Nyumba iliyompeleka yeye mlimani," akasema, "mimi itanipeleka wapi?"

Akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda changu kwa kisigino, na tangu siku hiyo hajatoka. Yeye analala kitandani, mimi sakafuni na goti langu. Kwa hiyo barua zako kwa Mama usizipeleke tena kwa Leung. Ziandike kwa anwani hii ya juu.

Msalimie sana Tat-ming, na umbusu Hoi-ching kwenye mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, anasema ule ushibe. Za Leung sina, na zako sitamfikishia. Kwun Yam awatazame kwa huruma huko ugenini, na paa lenu lisimfukuze mtu.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Wai-king